Tikiti kwenye udongo mzito

SWALI: Shikamoo mama. Nina robo ekari huku Mkuranga. Udongo wake mweusi, unanata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Msimu uliopita nilivuna maboga. Sasa nataka matikiti. Nianzie wapi?
Msomaji, Mkuranga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayo maboga ndiyo yanayonitia wasiwasi kwanza. Boga, tango na tikiti ni ukoo mmoja, wanarithishana magonjwa ya udongoni. Kama kuna upande ulioota mahindi au mikunde, anzia huko.

Tikiti hutaka udongo tifutifu wenye kichanga, usiotuamisha maji, wenye pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ya 6 hadi 7. Finya konzi ya udongo wenye unyevunyevu, kisha uguse kwa kidole. Ukimeguka, vizuri. Ukibaki donge linalong'aa, ni mfinyanzi. Usinunue lori la mchanga, tafadhali; mchanga kidogo kwenye mfinyanzi huzidi kuukaza. Inua matuta ya sentimita 30, maji yapate pa kupita.

Juu ya tuta chimba mashimo ya sentimita 30, mita 1 kutoka shimo hadi shimo. Changanya samadi na udongo wa juu, rudishia, mwagilia, uache wiki mbili ndipo upande. Samadi iwe imeoza kabisa: haina joto ukiingiza mkono, haina harufu kali, na ukiifikicha huioni nyasi. Mbichi huunguza mizizi, hata ukipewa bure ikatae. Majivu nayo yasubiri mpaka udongo upimwe, maana hupandisha pH.