Masikio makali, macho yenye ukungu: kabla hujaiuza kamera yako ya renjifainda

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii akiwa amekata tamaa. Amepiga mikanda miwili ya picha 36 kwa kamera ya renjifainda, yaani ile unayolenga kwa kipima umbali kilicho ndani ya dirisha la kutazamia, isiyo na betri wala mita ya mwanga. Mkanda wa kwanza umerudi mtupu, plastiki tu unayoweza kuona upande wa pili. Wa pili una picha, lakini kila sura masikio yametoka makali na macho yana ukungu. Anauliza kama aiuze.

Usiiuze. Ujumbe wa namna hii ninaupata mara nyingi, na inaniuma kuona chombo kizima kinafungiwa kabatini kwa kosa ambalo dakika chache mezani zingelifichua.

Kitu cha kuelewa kwanza ni kwamba dirisha unalotazamia halipiti kwenye lenzi. Kwenye kamera yenye kioo cha ndani, unachokiona ndicho lenzi inachokiona, na ukisahau kifuniko utakutana na giza. Hapa dirisha lina njia yake na lenzi ina njia yake. Kifuniko kikiwa juu ya lenzi, dirisha litakuonyesha mandhari safi kabisa. Kidole kikiwa mbele ya lenzi, hali ni hiyo hiyo. Filamu isiposogea, pia hutajua. Kila jambo linahitaji kuhakikishwa kwa mkono au kwa jicho, moja moja.

Tuanze na mkanda mtupu. Uweke kwenye mwanga na utazame pembeni, kando ya matundu. Kama namba za picha na jina la filamu vinasomeka, aliyekusafishia hana kosa: maandishi hayo yaliwekwa kiwandani na yametokea kwa dawa ile ile. Kama hata hayo hayapo, tatizo liko kwenye dawa. Kwa msomaji wetu yanasomeka, kwa hiyo ama kifuniko hakikutolewa, ama filamu haikusogea. Kifuniko kina dawa rahisi: weka kichujio cha kukinga lenzi na kifuniko kibaki nyumbani. Filamu ndiyo yenye maneno mengi.

Ukishapachika ncha ya filamu kwenye spuli, kile kigurudumu kinachoipokea, na kufunga kamera, zungusha kitasa cha kurudishia filamu polepole kufuata mshale, mpaka kigome kidogo. Usilazimishe. Umeondoa ulegevu ndani ya kopo. Sasa sogeza filamu huku macho yako kwenye kitasa hicho. Lazima kizunguke kinyume, chenyewe. Kwenye Leica M3 kuna vidoti viwili vyekundu juu yake kwa ajili ya kazi hii hasa. Kisipozunguka, filamu imechomoka kwenye spuli na kaunta itaendelea kuhesabu picha ambazo hazipo. Angalia tena kwenye picha ya pili na ya tatu, kwa sababu ncha iliyoshikwa vibaya huchomoka baada ya mvuto wa kwanza.

Kamera za kupakia kwa chini, kama Leica III ya mwaka 1933 na jamaa zake wa Kisovieti, FED na Zorki za mwanzo, zina sharti la ziada. Ulimi wa filamu uliokatwa kiwandani ni mfupi mno kwao. Urefushe kwa mkasi ufike kama sentimita 10, na mkato upite kati ya tundu na tundu, usikate katikati ya tundu. Ukipakia bila kurefusha, upana mzima wa filamu unakwama kwenye mwanya, matundu yanararuka, na vipande vyake vinaangukia kwenye pazia la shata, ule mlango unaofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu. Kuvitoa huko ni kazi ya fundi.

Sasa macho na masikio. Hapa sikiliza vizuri, maana watu wengi hulaumu mikono yao bure. Kama ukungu unabadilika, mara mbele mara nyuma, ni wewe. Kama siku zote sehemu kali iko nyuma ya pale ulipolenga, basi kipima umbali na lenzi havisemi lugha moja.

Jaribu mbali kwanza. Peleka lenzi mwisho kabisa, kwenye alama ya mbali isiyo na kikomo, kisha tazama mnara au nguzo iliyo zaidi ya kilomita moja. Mwezi pia unafaa. Katikati ya dirisha kuna kidoa kidogo kinachoonyesha picha ya pili juu ya ile kuu; ndani yake, picha mbili ziwe moja. Zikiachana kushoto na kulia, fokasi yako yote imehama. Zikiachana juu na chini tu, fokasi haijaharibika, ila jicho litapata taabu kusoma kidoa.

Kisha jaribu karibu. Kama mlango wa nyuma unafunguka, huhitaji kuchoma filamu. Weka kamera tupu kwenye tripodi na ubandike utepe wa gundi wenye ukungu, ule usiong'aa lakini unaopitisha mwanga, juu ya reli ambamo filamu hupita. Ubandike ukiwa umenyooka kabisa. Weka shata kwenye B (hukaa wazi muda wote unaobonyeza), ufungue tundu la lenzi mpaka mwisho, uzuie shata wazi kwa waya wa kufyatulia wenye kifungio. Mbele, mita moja, laza rula kwa mshazari wa nyuzi 45. Lenga mstari mmoja kwa kidoa, halafu nenda nyuma ukatazame kwenye ule utepe kwa kioo cha kukuzia. Mstari uliolenga ndio uwe mkali kuliko wenzake. Ukiona ulio nyuma yake ndio mkali, umepata jibu.

Na jibu si lazima liwe kamera mbovu. Lenzi za Kisovieti kama Jupiter-8 zilifuata kipimo cha kamera za Contax, ambazo lenzi yao iitwayo mm 50 kwa kweli ni mm 52.4, wakati kipima umbali cha Leica kinategemea mm 51.6. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini kwa mita moja inasukuma fokasi nyuma kwa karibu sentimita 3, na kwa mm 50 kwenye f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni wazi zaidi), eneo linalotoka kali kwa umbali huo ni kama sentimita 2.4 tu kila upande. Macho yanapotea, masikio yanapona. Ukiwa na mchanganyiko huo, ukipiga kitu cha karibu tumia f/5.6 au namba kubwa zaidi. Mbali hutaona shida. Kama lenzi na kamera ni vya nyumba moja na bado inakosea, mpe fundi. Usiguse skurubu za ndani kwa kubahatisha, kwani ya mbali na ya karibu hutegemeana, na ukirekebisha moja unaweza kuvuruga nyingine.

Namna ya kulenga nayo ina adabu yake. Tafuta mstari wa wima: ukingo wa pua, ukosi wa shati, fremu ya mlango. Kama kuna mistari ya kulala tu, geuza kamera isimame wima, lenga, kisha irudishe. Jihadhari na nondo za dirisha na uzio, kwa sababu nondo moja inaweza kukaa juu ya jirani yake ikakudanganya kwamba imelingana. Jenga mazoea ya kurudisha lenzi mbali kila baada ya picha, ili mkono ujue siku zote kwamba unazungusha kuelekea upande mmoja. Kidoa kikitoweka ghafla, kidole chako kimeziba kidirisha kidogo cha mbele. Kikiwa kimefifia kwa uzee, bandika kipande kidogo cha plastiki ya rangi, cheusi kidogo, mbele ya dirisha kubwa: picha kuu inapungua mwanga na kidoa kinajitokeza.

Mtaani, lakini, kulenga kwa kidoa kila mara ni kuchelewa. Kwa mm 35 kwenye f/8, weka lenzi kwenye mita 3 na kila kitu kutoka kama mita 1.9 hadi 7 kitatoka vizuri. Ukiweka mita 5, unapata kutoka 2.5 mpaka mbali kabisa. Hapo inua kamera na upige. Huu ndio uwezo ambao watu wanaununua bila kuutumia, wanabaki kupigania f/1.4 mchana wa jua kali.

Mwanga bila mita: filamu ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga), jua kamili, kasi ya 1/500 ya sekunde kwenye f/16. Mawingu mepesi f/11, mawingu ya kawaida f/8, mazito f/5.6, kivuli cha wazi f/4. Ukisita, ongeza mwanga; filamu ya negativu husamehe kuzidi kuliko kupungua. Kichujio cha manjano kinataka hatua moja zaidi ya mwanga (kila hatua ni mara mbili), cha chungwa mbili, chekundu tatu, na dirisha halitakukumbusha kwa sababu lenyewe halina kichujio.

Kuna jambo moja la hatari ambalo silisemi kwa mzaha. Hakuna kioo kati ya lenzi na pazia la nguo. Kamera ikiachwa inatazama jua, lenzi ikiwa mbali na tundu wazi, inageuka kioo cha kuwashia moto na pazia linatoboka. Ukiiweka chini, ielekeze kwingine, funga tundu mpaka f/16, vuta fokasi karibu. Kama umenunua iliyotumika, ingia chumba cha giza, toa lenzi, fungua mlango wa nyuma, mulika tochi kwa mbele na utazame nyuma. Rudia baada ya kukoki shata, yaani kulitega tayari kupiga, maana pazia ni mbili na kila moja inaonekana kwa zamu. Tundu la sindano linatosha kuacha nukta nyeupe kwenye picha zako.

Kwa wenye Zorki-4: koki shata kwanza, ndipo ubadilishe kasi. Ukigeuza kabla, unaweza kuharibu mtambo wa ndani.

Na mkanda ukifika mwisho, mkono wa kusogeza utakuwa mgumu, pengine kwenye 36, pengine 37 au 38. Acha hapo hapo. Ukivuta kwa nguvu, filamu inachomoka ndani ya kopo na huwezi tena kuirudisha. Hapo kamera isifunguliwe mpaka iwe kwenye giza totoro. Kama haijachomoka, achilia kifungio cha kurudishia na uzungushe kitasa mpaka usikie ulimi ukiachia spuli, halafu ongeza mizunguko miwili.