Kupima Mteremko kati ya Nukta Mbili

Anayetaka kujua mteremko wa ardhi anahitaji vipimo viwili tu: tofauti ya mwinuko baina ya nukta mbili, na umbali wa mlalo ulio kati yake. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, zidisha kwa 100, utapata asilimia. Hesabu hiyo haimshindi mtu; kinachowasumbua wengi ni kuupata mwinuko ulio sahihi.

Hapa Tanga huwashauri jirani zangu wasiitegemee simu kwa kazi za kiwanjani. GPS hukosea zaidi katika mwinuko kuliko katika mahali ulipo, na kosa la mita chache tu huufunika kabisa mshuko wa sentimita 30. Isitoshe, baadhi ya programu hupima kutoka kwenye umbo la dunia la kihesabu badala ya usawa wa bahari, na pwani yetu viwili hivyo hupishana kwa zaidi ya mita 20; ndiyo maana mtu aliyesimama Raskazone, ufukweni hapa Tanga, miguu mikavu, huweza kuambiwa kuwa yuko chini ya bahari.

Mimi hutumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, kama wafanyavyo mafundi wetu. Hakikisha hauna mapovu na ncha zote mbili ziko wazi, kisha subiri maji yatulie. Tuseme chooni maji yamesimama sentimita 92 juu ya ardhi, na penye shimo, mita 12 kutoka hapo, yamesimama sentimita 122: ardhi imeshuka sentimita 30, yaani asilimia 2.5, au 1 kwa 40, mteremko unaolifaa bomba la maji taka la inchi 4. Unapopima hizo mita 12, futi kamba ivutwe ikiwa imelala sawasawa, isifuate ardhi.

Kwa masafa marefu, jihadhari na wastani. Mombo iko takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari na Lushoto takriban 1,400, na barabara ni kama kilomita 33, hivyo wastani ni asilimia 3, tarakimu ambayo dereva wa lori ataicheka, kwa kuwa zipo sehemu zilizo kali zaidi ya hapo. Anayejali gia na breki aigawe njia vipande vifupi na kukokotoa kila kimoja peke yake. Anayechagua pampu ya maji aanze na jumla ya mwinuko, kisha aongeze nguvu inayopotea ndani ya bomba.