Koyote hawaitiki filimbi, nifanyeje?

Mkuu, nimekusoma, uko Kansas, Marekani, Februari hii unapuliza filimbi yenye mlio wa sungura anayelia kwa maumivu na hakuna koyote (mnyama wa porini kama mbweha) anayetokea. Hapo walipo washauzoea huo mlio, tangu baridi ianze kila mwindaji anapuliza huohuo. Halafu sasa hivi ndo wanapandana, so jaribu mlio wa koyote jike, mmoja mrefu tu, kisha kaa kimya dakika kadhaa, akili ya dume iko kwa jike na eneo lake kuliko tumbo. Ukikosa malizia na kilio cha kitoto cha koyote, huo hata dume mzee unamvuta.

Ila nadhani tatizo lako ni upepo. Koyote haji moja kwa moja, anazunguka anusie kule upepo unakokwenda, kwa hiyo kaa mahali ambapo huo upande ni uwazi, umwone kabla hajakunusa. Dakika 20 zikipita bila koyote kutokea, hama.

Angalia sheria za jimbo kuhusu spika za kupiga milio ya kurekodi na kuwinda usiku, na kama uko kwa viza, huna green card, ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujagusa bunduki, hapo usicheze kabisa. Na egemea mti mnene, huo mlio unaita na wawindaji wengine.