Pauni Ninayotuma Wete Inatoka Jikoni

Assalamu alaykum, jamaa zangu wa Wete.

Juzi kwenye kundi letu la simu shangazi aliniuliza: "Mwanangu, pauni unalipwa, mbona kila ukizungumza unahesabu mpaka mayai?" Kabla sijajibu, mdogo wangu anayekuja kusoma huku Uingereza mwezi wa tisa naye akaandika: "Kaka, ya kula niweke kiasi gani?" Maswali mawili, lakini jibu lake moja, na haliingii kwenye ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Ndiyo maana nakuandikieni.

Nianze na mshahara, maana hapo ndipo tunapopotea wote. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini Uingereza kiliwekwa pauni 12.21 kwa saa, kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Mkizidisha kwa shilingi mnaona utajiri, na mimi kabla sijaja nilizidisha hivyo hivyo. Lakini ukishapita pauni 12,570 kwa mwaka, kila kinachozidi kinakatwa kodi asilimia 20 na bima ya taifa asilimia 8. Mtu wa kima hicho akifanya kazi saa 40 kwa wiki, mkononi anabaki na pauni 1,800 hivi kwa mwezi. Chumba changu hapa East Ham, mashariki ya London, kinachukua 800. Nauli ya basi nayo nalipa, kwenda na kurudi kila siku ya kazi. Mwenye nyumba hanipunguzii, na dereva wa basi hapatani na mtu. Kitu ambacho mkono wangu unakifikia ni chakula tu.

Miezi ya mwanzo sikulijua hilo. Nilikuja mwishoni mwa 2022, na mnajua nyumbani kwetu mimi jikoni nilikuwa siingii, chakula kikija nimekaa kwenye mkeka. Basi huku mchana nikinunua mkate uliotiwa kuku, karibu na kazini, na kahawa ya kikombe cha karatasi. Jioni nimechoka, napitia chipsi na kuku wa kukaanga. Siku moja nikakaa kitandani na risiti za wiki nzima, nikazijumlisha: pauni 74. Mwezi ule mama hakupata kitu kutoka kwangu. Akamwambia shangazi labda naumwa na ninamficha. Sikuwa naumwa. Fedha zake nilikuwa nimezila.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Machi 2023 bei za vyakula Uingereza zilikuwa zimepanda kwa asilimia 19 hivi ndani ya mwaka mmoja. Baadaye mkasikia kwenye habari kwamba mfumuko umeshuka. Kushuka kule maana yake bei zilipunguza mwendo wa kupanda. Mafuta ya kupikia hayakurudi yalikokuwa.

Kuna jambo moja sikuliona mpaka nilipoondoka Pemba. Nyumbani chakula kingi hakipiti kwenye fedha. Shelisheli liko uani, unaangua, unapika. Mchicha unachuma nyuma ya banda. Muhogo unatoka shamba, embe zinadondoka zenyewe, ami akirudi pwani anakuachia samaki wawili mlangoni, na jirani akipika kitu kizuri sahani inakuja imefunikwa kawa. Mtu anaweza kushinda siku tatu mfukoni hana kitu na asilale na njaa. Huku hata jani la kotmiri lina bei. Mwaka wa tatu sasa naishi ghorofa ya pili, na sahani haijawahi kugonga mlango wangu, si kwa ubaya wa watu, hawana mazoea hayo tu. Kwa hiyo shangazi, ninapohesabu mayai sifanyi ubakhili. Kila yai hapa limenunuliwa.

Aliyenitoa kwenye hali ile ni kaka mmoja wa Mombasa tuliyekuwa tukiishi nyumba moja. Alinichukua Jumamosi, akanionyesha kwamba kwenye rafu, chini ya bei kubwa, kuna maandishi madogo yanayosema kilo moja ni kiasi gani. Hayo ndiyo ya kusoma. Mara nyingine pakiti kubwa ni ghali kuliko ndogo mbili, na macho hayawezi kujua. Akanionyesha kuwa unga, sukari, mafuta na nyanya za kopo zenye chapa ya duka lenyewe hazina tofauti ya kukufanya ulipe mara mbili. Vitu hivyo tunachukua Lidl au Aldi, supamaketi za bei nafuu. Mchele, kunde, choroko, bizari, ndizi mbichi na muhogo wa barafu tunakwenda maduka ya Wahindi na Wabangladeshi, Green Street, ambako mchele tunachukua mfuko wa kilo 10 na bizari inapimwa kwa mfuko, si kwa kichupa cha gramu 40. Nyama kwa mchinjaji wa halali, kuku mzima kila mara. Kuku aliyekatwakatwa unamlipa na aliyeshika kisu. Mifupa yake mimi naitia supu.

Jioni, karibu na kufunga, supamaketi hubandika vibandiko vya manjano vya bei iliyopunguzwa kwenye vitu vinavyofikia tarehe. Hapo jifunze maneno mawili, mdogo wangu. Kilichoandikwa "use by" ni cha usalama, siku ikipita usikile hata kama kinanukia vizuri. Kilichoandikwa "best before" ni ubora tu, biskuti haikuui kwa kupitisha wiki. Mkate wa kibandiko nanunua mitatu, naitia kwenye friza.

Nazi ilinisumbua kuliko vyote. Nilinunua dukani kwa zaidi ya pauni moja, nikaitikisa kama nilivyomuona mama akifanya, maji nikayasikia, nilipoipasua ikawa imechacha. Ya pili vile vile. Sasa natumia tui la kopo, lakini geuza kopo usome nyuma imeandikwa nazi asilimia ngapi. Kopo la bei ndogo mara nyingi limejaa maji, unatumia mawili pahala pa moja, na rahisi inakuwa ghali. Nazi iliyokunwa, ya barafu, ni bora zaidi ukiikamua mwenyewe kwa maji ya moto. Mama nilipomwambia habari ya kopo alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Basi tia chumvi mwisho, na usiliache likachemka sana." Mapishi yangu yote yamo kwenye sauti zake. Ninazo sauti zaidi ya mia, na nimehifadhi nakala zake pahala pawili nisije nikazipoteza.

Mimi na wenzangu tunapika wanne kwa zamu. Kila mtu anatoa pauni 22 kwa wiki. Jumapili tunachemsha maharage na kunde kwa presha kuka, maana umeme nao unalipiwa, na mchuzi tunaugawa kwenye vibakuli vinaingia friza. Wali tunapika siku ile ile. Hili nalisisitiza kwa sababu sisi tumelelewa na kiporo: wali uliolala, asubuhi unapashwa na chai. Kwenye wali kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Ukiuacha sufuriani usiku kucha huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Huku wataalamu wanaelekeza upozwe ndani ya saa moja, utiwe friji, na usipitishe siku moja. Mwenzetu mmoja alidharau, akatapika siku mbili na mshahara wa siku mbili ukaenda.

Mwezi wa Ramadhani tu ndio tunaachia mkono. Ndizi mbivu za nazi, tambi, muhogo, tende. Pauni zinapanda na sijuti, na mama anajua kuwa mwezi ule anapata pungufu.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukikaa peke yako weka pauni 35 kwa wiki, ukiungana na sisi 22, na chakula cha mchana ubebe kutoka nyumbani kila siku, hata wenzako darasani wakienda kununua. Kutoka 74 mpaka 22, tofauti ni 52 kwa wiki, zaidi ya 200 kwa mwezi. Shangazi, hizo ndizo zinazofika Wete. Sina fungu jingine.

Mzigoni chukua karafuu, hiliki, mdalasini na pilipili manga. Samli ya mama iache, na nyama kavu pia, bidhaa za maziwa na nyama kutoka kwetu haziruhusiwi kuingia. Na ukishuka Heathrow usinunue chochote pale, hata maji. Jaza chupa bombani. Nitakuja kukupokea, na muhogo wa nazi utakuwa tayari umeiva.