Tabia haiachi mifupa: mageuko yake huchunguzwaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, mifupa ya kale hutuonyesha jinsi maumbo ya wanyama yalivyobadilika, lakini tabia ya kuchagua mwenzi au ya kuishi kwa makundi haibaki ardhini. Wanasayansi hujuaje kwamba nayo ni zao la mageuko?

JIBU: Ndugu msomaji, tabia haigeuki kuwa jiwe, ila matokeo yake yanahesabika. Tabia ya kurithiwa inayomwezesha mnyama kupata watoto wengi kuliko wenzake huenea katika vizazi vinavyofuata. Kwa hiyo mtafiti huuliza si tu mnyama anafanya nini, bali pia kufanya hivyo kumempatia watoto wangapi.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa Malte Andersson, mtafiti wa Sweden aliyefanya kazi Kinangop, Kenya, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1982. Huko yuko ndege aitwaye kwera, ambaye dume wake, mweusi mwenye mabega mekundu, huota mkia wa takriban nusu mita msimu wa kuzaliana. Andersson aliwakata mikia baadhi ya madume, akawaunganishia wengine vipande hivyo kwa gundi, na wengine akawakata kisha akawarudishia manyoya yaleyale, ili ijulikane kama kule kushikwa na kupakwa gundi kuna athari yoyote. Tahadhari hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya niyaamini majibu yake. Alipohesabu viota vipya katika eneo la kila dume, waliorefushiwa mikia walikuwa wamepata majike wengi zaidi, na waliofupishiwa hawakuwa wamenyang'anywa maeneo yao. Maana yake mkia haukuwa wa kuwatishia madume wenzao, bali majike ndio waliokuwa wakichagua.

Kutazama peke yake hakutoshi. Ndege wengi wanaoishi wawili wawili walidhaniwa kuwa waaminifu, mpaka vipimo vya vinasaba vilipoonyesha, kwa mfano, kwamba kwa ndege mmoja mdogo wa buluu wa Australia zaidi ya nusu ya makinda si ya dume anayewalisha.

Kuhusu makundi, kazi hudai miaka mingi. Simba wa Serengeti wamefuatiliwa tangu mwaka 1966, na kwa kumtambua kila mmoja kwa madoa ya masharubu yake, watafiti wamebaini kwamba majike wa kundi moja kwa kawaida ni ndugu wa damu, na kwamba hunyonyesha hata watoto wa wenzao.