Anza na Choo na Njia: Ushauri kwa Wanaopanga Bustani ya Watoto Ufukweni

Ukialikwa kwenye mkutano wa kupanga bustani ya ufukweni, uliza choo kitakaa wapi na njia ya kukifikia itakuwa ya namna gani. Bembea uliza baadaye. Nayasema haya nikiwa mama wa Nairobi mwenye binti anayeishi na mtindio wa ubongo, na ambaye kwa muda sasa nimekuwa nikihudhuria vikao vya bustani inayopangwa katika mji mmoja wa Pwani, kwa wakwe zangu. Mji wenyewe sitautaja kwa kuwa michoro bado inabadilika. Lakini tuliyoyapigania kule yanafaa mji wowote wa bahari, na yanatufaa hata sisi wa huku tunaosubiri kingo za Mto Nairobi zisafishwe.

Bustani za Nairobi ndizo zilizonifungua macho. Mji huu una bustani zenye historia: Jeevanjee tangu 1906, Uhuru Park tangu 1969, nayo Uhuru Park tungali nayo kwa sababu mwaka 1989 Wangari Maathai alikataa jengo la ghorofa 60 lisimikwe humo. Nazipenda kwa dhati. Ila nikitoka na binti yangu, ninachowaza ni safari ya kuanzia tunaposhushwa na matatu hadi kwenye nyasi: kuna ngazi wapi, mtaro upi hauna kifuniko, kabro, yaani matofali ya kutandikia njia, zimeng'oka wapi. Gurudumu dogo la mbele la kiti chake cha magurudumu likitumbukia kwenye pengo la kabro, kiti chote huinama na mtoto huenda nacho.

Kisha kuna choo. Binti yangu ameshakua, hawezi kusimama peke yake, na zile meza za kubadilishia nepi zinazobanwa ukutani zimetengenezewa mtoto mchanga. Wazazi wenzangu wengi hufanya ninavyofanya mimi. Tunatandika leso chini, kwenye sakafu iliyolowa, tunamlaza msichana mkubwa mwenye aibu zake huku watu wakigonga mlango. Wasiotaka kumtia mtoto wao katika hali hiyo huondoka mapema, na wengine huacha kabisa kuja. Halafu kwenye kikao mtu husimama na kusema, mbona watoto wenye ulemavu hatuwaoni kwenye bustani zetu, ya nini kutumia pesa hizo?

Kwa hiyo mwandikie mhandisi vipimo, usimwachie neno "jumuishi" peke yake, maana kila mtu hulijaza anavyotaka. Mlango wa choo uwe na upana wa sentimita 90 na ufunguke kwa nje. Ndani pawe na nafasi ya kukizungusha kiti, duara la mita 1.5. Vyuma vya kujishikia viwe pande zote mbili za bakuli. Kiwepo kitanda imara cha kubadilishia kinachomtosha mtu mzima kulala, na sinki ambayo mtu aliyeketi anaweza kuifikia. Na choo hicho kisifungwe kwa kufuli ambayo mzazi hajui ufunguo wake uko kwa nani.

Njia nayo ina hesabu yake. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda, rampu iende mbele sentimita 12. Ngazi zenye kimo cha nusu mita zinadai rampu ya mita 6. Fundi akikwambia amebanwa na nafasi, akaifanya ya mita 2, hiyo ni hatari hata kwa kijana mwenye mikono yenye nguvu, na kwa mama anayemsukuma mtoto haipandiki. Upana wa mita 1.8 unaruhusu viti viwili kupishana. Juu pasimwagwe kokoto wala mchanga. Vumbi la mawe lililoshindiliwa vizuri linafaa na si ghali, lakini mvua za masika hulichimba, kwa hiyo pasipo mifereji ya kupitisha maji, simenti yenye mikwaruzo ni bora.

Kuna watakaosema watoto hao ni wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano na zaidi kuwa na ulemavu, takriban watu laki tisa. Kwangu hao si wachache. Tena ile rampu hutumiwa na bibi mwenye magoti mabovu, mama mjamzito, na muuza madafu na mkokoteni wake.

Mchoro wa kwanza tulioonyeshwa kule Pwani ulikuwa na bembea moja maalumu ya kiti cha magurudumu. Ilikuwa kando ya maegesho ya magari, ndani ya uzio wake peke yake. Wakubwa waliridhika. Tuliomba watoto wenyewe waitwe, wakaja: binti yangu na binamu zake, watoto viziwi wakiwa na mkalimani wao wa lugha ya ishara, na wengine wa mtaani tu. Mvulana mmoja kiziwi alieleza kwamba hapendi kuta ndefu na vichaka kati ya michezo, kwa sababu yeye husikiliza kwa macho na anataka kumwona mamake alipo. Msichana asiyeona vizuri aliomba kila mwisho wa sakafu uwe na mstari wa rangi ya manjano. Zamu ya binti yangu ilipofika, tulimpa muda wake, kwa kuwa maneno humtoka polepole. Akasema: "Bembea ziko hata Nairobi. Mimi nataka kufika kwa maji."

Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekuwa ameliwaza hilo. Katika mchoro ule, kutoka kwenye bustani hadi mchangani kulikuwa na ngazi tu.

Kushuka kutoka ukuta wa bahari hadi ufukweni, ikiwa kimo ni mita 2, kunahitaji rampu ya mita 24, na vituo tambarare vya kupumzikia kila baada ya mita 9 hivi. Haiwezi kwenda moja kwa moja kuelekea baharini. Inalazwa sambamba na ukuta, kisha inageuka. Mwisho wake panatandikwa mikeka migumu ya plastiki inayokunjika, ambayo huzuia magurudumu kuzama mchangani. Mikeka hiyo huondolewa maji yanapojaa, kwa hiyo lazima awepo mtu mwenye kazi hiyo na kibanda cha kuihifadhi.

Na hapa ndipo nasihi: msikilizeni mvuvi kabla ya mtaalamu wa jiji. Kwenye pwani yetu, tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupita mita tatu. Mzee mmoja nahodha alitutembeza pale akiwa na bakora yake. Nilimwamkia, akaitika, kisha akaniambia: "Mama, maji ya bamvua hufika kwenye mizizi ya ule mkungu. Hapa mlipochora pa kuchezea watoto, mimi huwa nafunga dau." Alituonyesha pia wanapopandishia vyombo, akauliza ukuta ukizibwa wote samaki watapitishwa wapi. Mchoro ulisogezwa. Njia ya wavuvi ikabaki ya wavuvi, rampu ya watoto ikawekwa mbali nayo, maana mteremko wa vyombo huota mwani na huteleza mno.

Maji hayo hayo yanadai tahadhari. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji na hutoroka bila kutoa sauti, kwa hiyo uwanja wa michezo uzungushiwe uzio wenye lango linalojifunga, upande wa bahari na upande wa barabara. Uzio uwe wa nguzo zilizo wazi ili mtoto aliyeketi kitini aione bahari. Wekeni pia pembe tulivu yenye kivuli, mbali na spika za wafanyabiashara, ambapo mtoto aliyelemewa na kelele anaweza kutulia akiwa bado anawaona wenzake.

Kuhusu michezo yenyewe nitasema machache. Bembea kubwa ya kikapu, ambayo watoto watatu wanalala pamoja, ina faida kuliko ile ya kiti cha magurudumu iliyotengwa, kwa sababu humo mwenye ulemavu na asiye nao wanabembea kwa mvuto mmoja. Bembea ya kuzunguka iwe sawa na ardhi ili kiti kiingie bila kunyanyuliwa. Meza ya mchanga iinuliwe, magoti yapite chini yake. Mtelezo wa chuma ukielekea magharibi kwenye jua la Pwani utaunguza ngozi, na mtoto asiyehisi miguu yake hatajua anaungua. Wa plastiki nao huzalisha umeme tuli, ambao unaweza kuvuruga kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni, kwa hiyo wazazi wa watoto hao waelezwe kwa kibao. Vivuli vitoke kwa miti. Mkungu na mwarobaini zinajua upepo wa chumvi kuliko mwavuli wowote wa kitambaa.

Ukitaka kuona bustani za bahari zinavyoishi, nenda Mama Ngina, Mombasa, iliyokarabatiwa mwaka 2019, au Forodhani, Unguja, iliyofunguliwa upya 2009. Zote mbili hujaa jua linapoelekea kutua. Watu huja kwa upepo na kwa chakula, mihogo ya kukaanga huku, mishikaki kule. Wachuuzi ni sehemu ya bustani, basi wapewe nafasi yao kwenye mchoro tangu mwanzo, pamoja na maji na taa. Wasipopewa watapanga meza penye watu, yaani juu ya njia, na kiti cha magurudumu hakitapita.

Kuhusu wakati: usingoje tingatinga lifike. Katiba ya 2010 imewapa serikali za kaunti jukumu la bustani, fuo na mahali pa burudani, na kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 30 kinataja michezo ya watoto waziwazi. Vitaje kwa nambari. Nimeona sura za maofisa zikibadilika mtu anapotaja kifungu badala ya kuomba huruma. Kisha fuata kalenda ya pesa. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mikakati ya fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Bustani isiyokuwa kwenye mpango wa Septemba huwa ngumu kuipatia hela za mwaka unaofuata.

Dai jambo moja zaidi ambalo wanasiasa hulipita haraka: matunzo. Chumvi ya bahari hula chuma cha kawaida upesi sana, na bembea iliyoshikwa na kutu hufungwa kwa kamba na kusahauliwa. Zabuni itaje chuma cha pua kisichoshika kutu au chuma kilichochovywa zinki, na bolti za aina hiyo hiyo. Itaje pia nani atafagia mchanga unaopeperushwa na upepo wa kusi juu ya njia, kila siku, na mshahara wake unatoka fungu gani.

Sisi tuliandika maoni yetu kwenye ukurasa mmoja: choo, njia, rampu ya kufikia maji, uzio, matunzo, kila kimoja na kipimo chake, tukaambatanisha majina na sahihi za wazazi na wavuvi. Barua ya namna hiyo hupelekwa kwa karani wa bunge la kaunti na nakala kwa idara inayosimamia mradi. Peleka mwenyewe kwa mkono, uombe nakala yako ipigwe muhuri wenye tarehe, kisha uje nayo katika kila kikao kitakachofuata.