Jiandae kwa taa, si kwa kioo

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu anayekwenda kupigwa picha rasmi ya kazi aandae vipi mwonekano wake? Mimi hupamba watu nyuso kabla hawajaingia studio, na ninachokiona kila mara ni kwamba wengi hujiandaa mbele ya kioo cha chumbani, ilhali watakachokwenda kukabiliana nacho ni taa.

Poda ndiyo inayowaangusha wengi. Losheni na poda nyingi za kukinga jua zina oksidi ya zinki au dioksidi ya titani, madini meupe yanayorudisha mwanga. Kwenye kioo huoni kitu. Flashi ikiwaka, mwanga ule unairudia kamera na uso unatoka na ukungu mweupe, na kwenye ngozi nyeusi unaonekana zaidi: uso wa mtu mmoja, shingo ya mwingine. Poda laini ya silika, ile inayosemekana haina rangi, nayo ina tabia hiyo hiyo. Kabla hujatoka nyumbani, jipige picha kwa simu ukiwa umewasha flashi kwenye mwanga hafifu. Kasoro itajitokeza papo hapo, ukiwa bado na maji ya kunawa.

Uso ukitoa mafuta, usirundike poda juu yake. Kandamiza tishu kavu kwenye paji la uso, pua na kidevu, ndipo upake kidogo.

Kuna wanaoniomba niwafanye weupe kidogo "ili picha ing'ae". Hilo silifanyi. Ngozi nyeusi ikiangazwa vizuri hung'aa yenyewe. Hiyo ni kazi ya mpiga picha, na una haki ya kumdai. Rangi ya fandesheni ijaribie kwenye taya, ifanane na shingo. Atakayekuona kwenye picha leo akutambue mkikutana kesho.

Krimu mpya au kusuguliwa uso, wiki hiyo achana navyo, maana ngozi ikikasirika haitulii kwa usiku mmoja. Kwa kinyozi nenda siku mbili tatu kabla. Mwenye ndevu za kujisokota asizifyeke kwa wembe asubuhi ile, vipele vitamfuata hadi kwenye kiti.

Nguo: picha nyingi za kazi huishia kifuani, kwa hiyo nguvu zako zipeleke kwenye kola na mabega. Epuka mistari myembamba na vimiraba vidogo. Vitone vya kamera vimepangwa kwa safu, na safu hizo zikipishana na za kitambaa hutokea mawimbi ambayo kwenye shati hayapo. Kijani kikali au waridi la kuwaka humwaga rangi yake chini ya kidevu. Ulizia pia pazia la nyuma ni la rangi gani, kwa sababu koti jeusi mbele ya pazia jeusi linameza mabega.

Miwani unayoivaa kila siku usiivue. Iking'aa, mwombe mpiga picha apandishe taa, au inua kidogo mikono ya miwani juu ya masikio ili vioo viiname. Kama ni ya vioo vinavyogeuka vyeusi juani, fika mapema ukae ndani, vipate muda wa kurudi vyeupe.